Matoleo mapya ya santuri za The Beatles

Matoleo mapya ya santuri za The Beatles ni albamu za bendi hiyo ya muziki wa rock kutoka Liverpool, Uingereza, zilizotolewa tena kwenye vinili baada ya bendi kuvunjika mwaka 1970. Nyimbo ni zilezile, lakini sauti hutofautiana.

Toleo la stereo la mwaka 2012 lilitokana na nakala za kidijitali zilizosafishwa mwaka 2009. Toleo la mono la mwaka 2014 halikupitia hatua ya kidijitali: fundi Sean Magee na mtayarishaji Steve Berkowitz walirudi kwenye kanda asilia katika studio za Abbey Road, London, na mifuo ikachongwa moja kwa moja kutoka humo. Jambo hili si dogo. Katika albamu ya "Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band" (1967), wanabendi walishughulikia zaidi mchanganyo wa mono, ule wa stereo waliwaachia mafundi.

Matoleo yote mawili yana uzito wa gramu 180, namba ambayo wauzaji hupenda kuitangaza. Hata hivyo, uzito peke yake hauboreshi sauti. Kiwandani, kalibu iliyochakaa huleta mikwaruzo. Santuri iliyotolewa kwenye mashine kabla ya kupoa hupinda. Na tundu la katikati likitobolewa upande, sauti huyumba, hasa ya piano. Kasoro hizo huweza kuipata hata santuri iliyochongwa kutoka kanda asilia.