Mashahidi Wawili wa Jibu Moja: Kidokezo Fiche na Silabi ya Kiswahili

Mtoto akitegewa kitendawili "Nyumba yangu haina mlango" naye akajibu "kaburi", ataambiwa amekosa na atadaiwa mji. Jibu ni yai. Lakini hakuna neno hata moja ndani ya kauli hiyo linalolikataa kaburi. Kinacholikataa ni mazoea: jamii imekwisha kukubaliana kuwa nyumba hiyo ni yai, na asiyejua makubaliano hayo hana pa kukata rufaa. Kitendawili hupima kama mteguaji ni mwenzetu kabla ya kupima akili yake.

Kidokezo cha fumbo fiche la maneno, lile linalochapwa kila siku katika magazeti ya Uingereza, kimejengwa juu ya msingi mwingine. Kina sehemu mbili. Moja inatoa maana ya jibu, kama kamusi inavyofanya. Nyingine kwa kawaida inalijenga jibu hilohilo kutokana na umbo lake, kwa kuligeuza, kulikata, kulificha ndani ya maneno mengine au kuunganisha maneno mafupi. Kisha sehemu hizo hushonwa pamoja zikasomeka kama sentensi ya kawaida inayozungumzia jambo jingine kabisa. Mteguaji kwa hiyo ana mashahidi wawili wasiojuana, na wakitaja jina moja, kesi imekwisha. Hahitaji idhini ya mtegaji wala ya wazee.

Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba kazi ya kutegua inakamilika kwenye maelezo, na kwamba jibu lisilo na maelezo ni bahati tu. Nashikilia pia kwamba sanaa hii inawezekana kwa Kiswahili, ila si kwa kunakili kanuni za Kiingereza zilivyo. Kipimo chetu hakina budi kuwa silabi, na mpinzani mkuu wa mtegaji atakuwa upatanisho wa kisarufi.

Ufiche haukuzaliwa pamoja na fumbo la maneno. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alipochapisha fumbo lake katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, vidokezo vyake vilikuwa maana tupu. Hila zilitiwa na Waingereza katika miaka ya 1920, hasa Edward Powys Mathers, mshairi na mfasiri, aliyeanza kutunga katika The Observer mwaka 1926 kwa jina la Torquemada. Ubunifu wake haukuwa na mfano, ila mara nyingi alidokeza tu bila kuthibitisha. Alipofariki mwaka 1939, nafasi yake ilichukuliwa na Derrick Macnutt, mwalimu wa Kigiriki na Kilatini aliyejiita Ximenes. Huyu alidai kidokezo kiwe na maana sahihi, mchezo wa maneno ulio wa haki, na kisiwe na neno la ziada, na mwaka 1966 akayaandikia kitabu madai hayo. Alikuwa ametanguliwa na Alistair Ferguson Ritchie, ambaye mwaka 1949 alimruhusu mtegaji asikusudie kile ambacho sentensi yake inaonekana kusema, mradi maneno yenyewe, yakisomwa kwa makini, yaseme hasa anachokusudia. Jina la kazi la Ritchie lilikuwa Afrit. Msomaji wetu atamtambua afriti mara moja. Akitazama tena ataona A na F za majina ya mtu huyo, zikifuatwa na Rit. Naye Jonathan Crowther, aliyemrithi Ximenes mwaka 1972, alijiita Azed. Lisome jina hilo kutoka nyuma upate Deza, mkuu wa mahakama ya kidini ya Hispania kama walivyokuwa Torquemada na Ximenes wa kihistoria. Litamke kwa Kiingereza usikie herufi ya kwanza na ya mwisho ya alfabeti. Jina moja, njia mbili, na kila njia inajitosheleza.

Sasa tuje nyumbani. Nimetunga vidokezo vichache ili hoja isibaki hewani. Cha kwanza: *Mla nyama amejificha si mbali* (herufi 5). Sentensi hii inamtia mtu wasiwasi wa porini, lakini haielezi pori lolote. "Mla nyama" ni maana. "Amejificha" ni kiashiria kwamba jibu limefichwa ndani ya maneno yanayofuata. Yaandike "si mbali" bila nafasi, usome herufi 5 za mwanzo: simba.

Cha pili ni kigumu kidogo: *Noti ndani ya vazi la Kihindi kwa mwendo mrefu* (herufi 6). Anayesoma anamwona bibi aliyekunja fedha akaisitiri mavazini kabla ya kupanda basi. Mtegaji anataka amwone bibi huyo, maana akimwona atashindwa kuisoma "noti" kwa maana ya muziki. Noti ya hapa ni "fa", ile ya do, re, mi, fa. Vazi la Kihindi ni "sari". Weka "fa" ndani ya "sari" na unapata safari, yaani mwendo mrefu; "kwa" inaonyesha tu kinachopatikana. Walimu wa kwaya watalalamika kwamba wao husema "nota", na lalamiko lao ni halali kabisa. Uzuri ni kwamba lina pa kushika: wanaweza kulielekeza kwenye neno moja mahususi, jambo ambalo yule mtoto wa kaburi hakuweza.

Vidokezo hivyo viwili vimefaulu kwa sababu ambayo sikuitaja. Vyote vimekatwa penye mipaka ya silabi: si-mba, sa-fa-ri. Ukijaribu hila ya Kiingereza ya kusoma herufi kutoka nyuma, simba anakuwa "abmis", kitu kisichotamkika. Maneno yetu, isipokuwa machache ya mkopo, huishia kwa irabu. Kwa hiyo neno likigeuzwa herufi kwa herufi haliwezi kuishia kwa irabu isipokuwa lilianza kwa irabu, na tunabakiwa na vijineno kama "ua" na "au" au "ila" na "ali". Huo ni mtaji mdogo mno.

Waswahili walikwisha kulitatua jambo hili zamani kwa lugha ya kinyume, inayochukua silabi ya mwisho na kuitanguliza. Edward Steere, katika mkusanyo wa ngano za Unguja aliouchapisha London mwaka 1870, alitia pia mifano yake. Kwa kanuni hiyo "lima" inakuwa "mali", na sidhani kuna waziri wa kilimo atakayeipinga. Mtegaji anaweza kuandika: *Winda kinyume upate mnyama wa baharini* (silabi 2). Winda ni "saka". Saka kwa kinyume ni kasa. Nilikuwa nimeanza na "Ukiwinda kinyume utapata", lakini Ximenes angelikataa, kwa kuwa "ukiwinda" si "saka". Wafuasi wa John Graham, kasisi aliyetungia The Guardian kwa jina la Araucaria na kupendwa kwa ulegevu wake, wangelipitisha. Mimi hapa niko na Ximenes. Katika lugha inayobeba nafsi, wakati na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja, kulegeza viambishi ni kulegeza kila kitu.

Viambishi hivyohivyo vinatupeleka kwenye tatizo kubwa zaidi. Kiingereza kina maneno mengi yanayokaa katika sentensi bila kuonyesha ni maana ipi iliyokusudiwa. Kiswahili nacho kina utajiri wa maneno ya maana mbili, lakini upatanisho unayaanika. Kanga huyu hupigiwa mtego, kanga hii hufuliwa. Mbuzi huyu hula majani, mbuzi hii hukuna nazi. Mtegaji akiandika "paa langu" amekwisha kutuambia ni la nyumba, na akiandika "paa wangu" tunamwona mnyama. Kiambishi kimoja tu kinamaliza hila yote.

Wapo watakaohitimisha hapo kwamba Kiswahili hakifai kwa mchezo huu. Mimi nahitimisha kwamba kinamlazimisha mtegaji kutafuta pale ambapo upatanisho unanyamaza, na sehemu hizo si chache. Kuna jozi za maana zilizo katika ngeli moja: noti ya fedha na ya muziki, mto wa maji na wa kitandani. Kuna pia vitenzi vya kuamuru mtu mmoja, ambavyo huweza kukaa bila kiambishi awali chochote. Tazama kidokezo hiki cha maneno mawili: *Chana mto* (silabi 2). Akilini inakuja picha ya pamba iliyotapakaa chumbani. Lakini "chana" ni ya nywele, na kitenzi cha pili cha kazi hiyo, kilichotupa nomino "kitana", ni "tana". Na "mto" ni wa maji: Tana, mrefu kuliko yote nchini Kenya. Maana mbili zimekutana bila neno la kuunganisha. Hata ukiongeza sifa, "mto mrefu", sarufi haitakusaidia kujua ni upi.

Linabaki suala la jedwali la visanduku ambamo majibu huandikwa yakikatizana. Kila kisanduku kikibeba silabi badala ya herufi, neno la silabi 2 likikatizwa na jingine mara moja limekwisha kufichuliwa nusu. Kwa hiyo maneno mafupi yapewe sehemu zisizokatizwa sana, na katikati tuweke vitenzi virefu kama "walipokutana", ambavyo jedwali la herufi halivimudu kwa urahisi. Mtu atachukua visanduku 2, m-tu, na nchi vilevile, n-chi, kwa kuwa nazali hizo ni silabi kamili. Mbuzi naye ni mbu-zi. Ugomvi utakuwa kwenye maneno ya mkopo. Napendekeza daftari lichukue visanduku 3, daf-ta-ri, na labda 2, lab-da, ingawa najua baadhi ya wanafonolojia watadai konsonanti ile ipewe kisanduku chake. Vyovyote itakavyoamuliwa, kanuni ichapwe juu ya jedwali kabla ya kidokezo cha kwanza, ili mteguaji awe na cha kumshitakia mtegaji.