Jina Lisizidi Herufi Nane

Mwaka jana kompyuta yangu ilizima na haikuwaka tena. Modeli ya tasnifu yangu ilihusu kusambaza dawa kutoka bohari moja hadi zahanati 12 kwa gharama ndogo kabisa. Kilichobaki ni faili moja la MPS nililokuwa nimemtumia rafiki. Kulitengeneza kulinichukua mstari mmoja tu wa kodi: andika modeli kwenye faili.

Nililifungua kwa furaha. Ndani nikakuta R1, R2, C1, C2 na namba. Tarakimu zote zilikuwepo, zahanati hata moja haikuwepo.

MPS ni kifupi cha Mathematical Programming System, programu ya IBM ya miaka ya 1960. Enzi hizo modeli ilitobolewa kwenye kadi zenye safu wima 80, na kila kitu kilikuwa na mahali pake: jina la kigezo lilianzia safu ya 5, la sharti safu ya 15, namba safu ya 25. Jina halikuruhusiwa kuzidi herufi 8. Sifuri hazikuandikwa. Hapakuwa hata na mahali pa kusema kama lengo ni kupunguza au kuongeza.

Kadi zilipotea, mpangilio ukabaki. Mwaka 1985 David Gay wa Bell Labs alianza kusambaza modeli za majaribio kupitia Netlib, zikiwa katika mpangilio huohuo. Mojawapo ya zile ndogo kabisa, AFIRO, ina vigezo 32 vyenye majina kama X01. Kompyuta ya leo hupata jibu lake, -464.75, kufumba na kufumbua. Lengo limeandikwa COST, yaani gharama. Gharama ya nini, faili halisemi.

Langu halikuwa kosa la kadi. Programu za sasa hupokea majina marefu. Mimi sikuvipa vigezo jina, programu ikavibatiza yenyewe.

Nikachukua daftari langu la nauli, nikalinganisha namba moja moja. Zahanati kumi nilizitambua. Mbili zilikuwa na nauli ileile na mahitaji yaleyale. Kihesabu, ukizibadilisha nafasi hakuna kinachoharibika. Lakini moja ilishapunguziwa mgawo kwenye jaribio langu la mwisho, na sikujua ni ipi. Ilibidi nipande basi, nikaulize.