Suala la Toharani katika Nchi ya Wakaguru

Ikhtilafu ya Wakatoliki na Waprotestanti iliyoletwa Ukaguru na wamisionari wa karne ya 19 ilikuwa imekwisha kupata umri wa miaka zaidi ya mia tatu kabla padri au mchungaji yeyote hajaikanyaga milima ile, na hoja zake zote, pamoja na majibu ya hoja na majibu ya majibu, zilikuwa zimekwisha kuandikwa Ulaya na maulamaa ambao hawakupata kulisikia jina la Mamboya wala la Gairo.

Kufikia mwaka 1880 chama cha CMS, cha Waprotestanti wa Kiingereza, kilikuwa na kituo Mamboya, mashariki ya Gairo, kando ya njia ya misafara iendayo Mpwapwa, na J. T. Last aliyekaa hapo ndiye aliyetoa sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Mapadri wa Kikatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa Bagamoyo tangu 1868, walijenga Mhonda katika milima ya Unguu mwaka 1877, na Morogoro, chini ya Uluguru, mwaka 1882.

Mapadri hawa mabishano waliyarithi. Shirika lao lilianzishwa Paris mwaka 1703 na kijana Claude-François Poullart des Places, mwanafunzi wa Wajesuiti, siku ambazo Kanisa la Ufaransa lilipasuliwa na mafundisho ya Wajanseni juu ya neema ya Mungu na hiari ya binadamu. Na seminari yake ilijulikana kwa kushikamana na Roma, ambako Papa Klementi XI alizilaani hoja 101 za Mjanseni Quesnel kwa hati ya Unigenitus mwaka 1713. Nyuma zaidi alisimama Roberto Bellarmino, Mjesuiti aliyefundisha elimu ya mabishano huko Roma na kuanza kuyachapisha masomo yake mwaka 1586, katika majuzuu ambayo Waprotestanti walitumia miaka mingi kuyajibu.

Katika masuala yote hayo, lililomgusa Mkaguru zaidi, kwa fikira zangu, halikuwa la mamlaka ya Papa, bali la hali ya wafu. Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha mwisho, Desemba 1563, ulithibitisha kwamba toharani, roho za marehemu zinakotakaswa, iko, na kwamba roho zilizomo husaidiwa kwa sala za walio hai na hasa kwa sadaka ya Misa. Kanisa la Uingereza, katika kanuni ya 22 ya zile Kanuni 39, likasema itikadi hiyo ni uzushi usio na shina katika Maandiko. Sasa wafikirie watu ambao mvua ikichelewa huenda makaburini kwa wazee wao, wakafyeka majani, wakamwaga pombe na unga, wakawaomba radhi. Tambiko lilikatazwa na pande zote mbili. Walakini padri, akiisha kulikataza, alikuwa na siku ya 2 Novemba ya marehemu wote, na Misa isomwayo kwa jina la marehemu mwenyewe, ilhali mchungaji hakuwa na badala yoyote ila tumaini la ufufuo.

Kwa mantiki hiyo Ukaguru ungalikuwa wote wa Roma. Haukuwa. Kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa nchi ya CMS, kwa sababu Mamboya na Berega zilikuwa karibu, na aghalabu mtu husali alikosomea.

Buganda mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1879 Padri Lourdel alikataa kupiga magoti wakati Mackay wa CMS akisalisha barazani kwa Kabaka Mutesa, na alipoulizwa sababu akajibu, kwa maneno ya Kiarabu, Kiswahili, Kiganda na Kifaransa yaliyochanganyika, kama Mackay asimuliavyo, kwamba dini ile si ya kweli. Januari 1892 wafuasi wa pande mbili wakapigana kwa bunduki Mengo, na hali mabwana wale wawili wamekwisha kufa, wote katika mwaka 1890. Lakini Buganda ilikuwa na kiti kimoja cha kugombewa. Wakaguru hawakuwa na mfalme: nchi yao iligawanyika kwa koo za upande wa mama, kila ukoo na ardhi yake na makaburi yake, wala hapakuwa na mtu mmoja ambaye akishindwa kwa hoja nchi nzima ingemfuata.