Mita 60 za Msimbazi

Jina Jangwani hunichekesha kila masika. Ni bonde la Mto Msimbazi, katikati ya Dar es Salaam, na maji hulijaa.

Sheria ya Ardhi ya 1999 iliihesabu ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto kuwa hatarishi. Sheria ya Mazingira ya 2004 ikakataza shughuli za kudumu ndani ya mita hizo hizo. Lakini nyumba nyingi za bondeni zilizitangulia sheria zote mbili. Wenyewe hawakuwa na kibali cha ujenzi. Walichokuwa nacho ni karatasi za mauziano zenye mashahidi na risiti za umeme, na kwangu hizo nazo ni nyaraka za historia.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu jijini. Baadhi ya waathirika walipewa viwanja Mabwepande: pakavu, ila vibarua vyao vilibaki Kariakoo, na nauli ni ya kila siku. Desemba 2015 zikaja alama za X nyekundu, kisha tingatinga.

Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kazi, karakana yake ikiwa Jangwani, bondeni kule kule. Nayo ilifurika. X kwenye ukuta wake sikuwahi kuiona.

Miaka ya karibuni, mradi wa bonde unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia umewalipa fidia wenye nyumba. Wathamini walipopita, waliovunjiwa 2015 hawakuwa na ukuta wa kuwaonyesha.