Chang'aa Iliruhusiwa, Mama Pima Akaachwa Nje

Kila mjadala wa kuhalalisha bangi unapozuka nchini, mifano huletwa kutoka Jamaica na Uholanzi. Kenya ina mfano wake yenyewe, wa pombe ya chang'aa, na aliyeuasisi alikuwa mbunge wa Naivasha.

Mwaka 1980, enzi za Rais Moi, sheria ilipiga marufuku chang'aa. Pombe hiyo haikuisha. Mitaani Nakuru na kwenye mashamba ya Njoro na Molo, kangara ya kupikia chang'aa, ya mahindi na sukari, iliendelea kuchachuka katika mapipa yaliyofukiwa ardhini au kufichwa kando ya mito. Wapishi wengi walikuwa wanawake wasio na shamba wala ajira, waliojulikana kama mama pima, na karo ya watoto ilitoka kwenye pipa hilo. Polisi walipokuja, mwenye kitu kidogo aliachwa, asiye nacho alilala korokoroni. Na kwa kuwa hakuna aliyekagua pombe ya maficho, mnywaji hakuwa na njia ya kujua kama ndani yake mlikuwa na methanoli, kemikali inayopofusha na kuua.

John Mututho, mbunge huyo wa Naivasha, alilitazama hilo na kufikia uamuzi mgumu kimaadili: serikali iliyoshindwa kukomesha kitu ina wajibu wa kukikagua. Sheria yake, iliyoanza kutumika Novemba 2010, ilifuta marufuku ya 1980. Wakenya wanaikumbuka zaidi kwa saa za baa, kufungua saa kumi na moja jioni siku za kazi, lakini kiini chake kilikuwa chang'aa. Sasa ingepikwa kwa leseni na kuuzwa katika chupa yenye lebo na onyo la afya, mbali na shule kwa mita 300.

Naamini nia ilikuwa njema. Lakini mama pima wa mtaa wa Kaptembwa, Nakuru, angepata wapi mtambo wa kujaza chupa? Masharti yalimfaa mwenye kiwanda. Yeye alibaki haramu vilevile, msako ukaendelea, na soko la maskini likafurika vileo vya bei rahisi vya chupa. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu Embu, Kitui, Makueni na Kiambu. Mwaka uliofuata Rais Uhuru Kenyatta aliamuru pombe hizo rahisi ziteketezwe.

Turudi kwa bangi. Sheria ya 1994 iliweka kifungo cha maisha kwa mlanguzi. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alitaka kupeleka mswada wa kuhalalisha bangi mwaka 2018, akafariki 2019 kabla haujafika mbali. Mgombea urais George Wajackoyah aliahidi mwaka 2022 kulipa deni la taifa kwa kuiuza nje, akapata kura 61,969. Makanisa yanahofia vijana, na hofu hiyo ni ya haki: ubongo wa kijana wa miaka 15 unaweza kuumizwa na bangi, iwe halali au haramu.

Ila kuna swali jingine la maadili ambalo halisikiki. Lesotho ilipoanza kutoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017, zilichukuliwa na kampuni zenye mitaji ya ng'ambo, huku wakulima wa milimani walioipanda kwa vizazi wakibaki wahalifu. Hicho ndicho kilichompata mama pima. Mswada wowote wa bangi utakaofika Bungeni, mimi nitaanza kuusoma kwenye jedwali la ada za leseni.