Mdudu wa Majani ya Maharage na Kunde: Kumdhibiti, na Hukumu ya Mkojo wa Ng'ombe



SWALI: Tuko Kijenge, Arusha. Maharage ya uani yametobolewa majani yote. Jirani anatuambia tunyunyizie mkojo wa ng'ombe. Je, tutaweza kuyala?

JIBU: Mdudu huyo ni aina ya mbawakawa, wataalamu humwita Ootheca. Ni mdogo, kama milimita 6, ana gamba linalong'aa. Kunde pia ni chakula chake, kwa hiyo nasi wa visiwani, tunaopika majani ya kunde, habari hii inatuhusu.

Anaonekana juu ya jani, lakini maisha yake mengi yako ardhini. Jike hutaga mayai udongoni, mabuu hula mizizi, na akishakuwa mdudu kamili hubaki humo chini mpaka mvua za msimu ujao zimtoe. Basi kazi kubwa ni ya jembe. Mkishavuna, upindueni udongo ili jua na kuku wamfikie, na msimu unaofuata msirudishe maharage wala kunde pale pale, pandeni mahindi. Wako wanaochelewesha kupanda wiki chache ili wadudu watoke wakose chakula. Hilo husaidia, ila mvua zikikatika mapema mtajuta.

Kwa bustani ya uani, waokoteni asubuhi mapema wakiwa wazito, muwatie katika maji ya sabuni. Msiwachome moto, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza kuadhibu kwa moto. Mwarobaini nao unafaa: gramu 50 za kokwa zilizotwangwa kwa lita 1 ya maji, lala nayo usiku mmoja, chuja, nyunyiza jioni kwa kuwa jua huiua nguvu. Utupa unaua wadudu, lakini ni sumu ya samaki, usiutumie karibu na kisima au ufukwe.

Ama mkojo wa ng'ombe, katika madhehebu yetu ya Shaafi'iy ni najisi. Maalik na Ahmad wameuona twahara, kwa kuwa ng'ombe ni mnyama anayeliwa nyama yake. Hata kwa kauli yetu, mmea hauwi haramu: jani lililoguswa huoshwa kwa maji safi mpaka rangi, harufu na ladha ya najisi viondoke, kisha huliwa. Aliyenyunyiza aoshe mwili na nguo kabla ya Swalah.

Mimi nachelea zaidi dawa za dukani. Baadhi yake huingia ndani ya jani, na hapo kuosha hakusaidii. Kibandiko hutaja siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na kunde huchumwa kila baada ya siku chache, basi nani anasubiri? Anayenyunyiza leo akapeleka mafungu sokoni kesho bila kumwambia mnunuzi amefanya ghushi, na amewadhuru watoto wa watu. Akishanyunyiza, asichume mpaka siku hizo ziishe, hata kama majani yatakomaa yasiuzike.

Wallaahu a'lam.