Kutoka Ukanda wa Tatu: miaka 130 ya kanuni za ujenzi Dar es Salaam

Kanuni ya kwanza ya ujenzi mjini Dar es Salaam, ya mwaka 1891, iliwapima wakazi kwa kuta za nyumba zao. Wajerumani ndiyo kwanza walikuwa wamehamisha makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo. Mji wenyewe, ambao Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga miaka ya 1860 na kufa kabla haujakamilika, ulikuwa na majumba machache ya mawe kando ya bandari, na nyuma yake nyumba za fito. Kanuni hiyo iliugawa katika sehemu tatu. Upande wa bahari zijengwe nyumba za mtindo wa Kizungu tu. Zinazofuata ziwe za mawe au za vifaa vingine vya kudumu. Huko ndani zaidi, kila mtu ajenge kadiri anavyoweza: miti, udongo na makuti.

Hapakuwa na haja ya kuandika nani aishi wapi. Mvuvi wa kijiji cha Mzizima angeipata wapi pesa ya kujenga nyumba ya Kizungu inayotazama bahari? Ubaguzi ulipita kwenye orodha ya vifaa vya ujenzi, na tangu hapo kila aliyeitawala Dar es Salaam, mgeni au mwenyeji, ameihariri orodha hiyo bila kuitupa.

Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliikuta kazi imeshaanza. Muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Kijerumani ilikuwa imenunua sehemu ya shamba kubwa la Mjerumani aitwaye Schoeller, magharibi ya mji, ili iwahamishie Waafrika huko. Vita vikaingia kati, na uwanja ule ukawa kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza, wale wa Carrier Corps. Kambi ilipovunjwa, mitaa ikapimwa kwa kamba, mistari iliyonyooka na njia panda za pembe mraba, na Kariakoo, yenye jina la kikosi hicho, ikazaliwa.

Mwaka 1924 ukaja mgawo rasmi wa Kiingereza: Ukanda wa Kwanza wa makazi ya hadhi ya Kizungu, Ukanda wa Pili wa biashara na makazi, na Ukanda wa Tatu wa nyumba za wenyeji. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na kuandika sheria inayotaja rangi waziwazi kungeleta maneno, hasa kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi waliojua kuandika barua za malalamiko. Kwa hiyo kigezo kikabaki kilekile cha Wajerumani, yaani aina ya jengo. Mitaani watu hawakupoteza muda na namba za kanda. Walisema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na ramani ikaeleweka.

Kati ya Ukanda wa Pili na wa Tatu paliachwa wazi. Hapo ndipo Mnazi Mmoja. Leo watu wanapumzika kwenye bustani yake na mikutano hufanyika katika viwanja vyake, lakini uwanja huo uliachwa makusudi, kwa hoja ya afya, ili maradhi ya Uswahilini yasivuke kwenda ng'ambo ya pili. Mbu hawakuulizwa.

Inafaa kuitazama kwa karibu nyumba iliyojengwa upande wa Uswahilini wa Mnazi Mmoja, kwa sababu kanuni zote za baadaye zimegombana nayo. Mbele kuna baraza la kukalia. Unaingia kwenye korido inayopasua nyumba katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia. Korido inatokea uani, na uani kuna jiko, choo, stoo na kamba ya kuanikia nguo. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vingine anapangisha. Kila chumba kinajitegemea. Mlango wake unafungwa kwa kufuli kama duka. Nyumba hiyo iliweza kuanza na udongo na makuti, ikapandishwa kwa mabati ya madebe yaliyokunjuliwa, baadaye ikapigwa plasta, chumba baada ya chumba, kodi ya mwezi huu ikinunua saruji ya mwezi ujao. Mwenye nyumba aliilipa serikali kodi ya kiwanja, na hakuwa na hati ya muda mrefu ya kumwezesha kukopa. Kwa maoni yangu hakuna mpangaji miji yeyote aliyewahi kubuni kwa ajili ya Dar es Salaam kitu kilichofanya kazi vizuri kuliko nyumba hii ya Kiswahili. Hata siasa ililelewa humo: chama cha TANU kilizaliwa mwaka 1954 katika nyumba ya mtaa ambao leo tunauita Lumumba, pembeni mwa Mnazi Mmoja.

Mji ulivuka watu 69,000 katika sensa ya 1948, na mwaka uliofuata kampuni ya Sir Alexander Gibb ya London ikawasilisha mpango kabambe wa kwanza. Humo lugha ilibadilika tena. Badala ya kanda za namba yakaja makazi ya msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Msongamano mdogo ulikuwa Oyster Bay na majirani zake, wa kati ulikuwa wa Wahindi, mkubwa ulikwenda Ilala, Magomeni na Temeke. Mpango huo ulipendekeza pia maeneo ya wazi ya kupitishia upepo wa baharini hadi ndani ya mji, bonde la Msimbazi likiwa mojawapo. Upepo ulipita kweli, lakini maeneo hayo yalifanya kazi ile ya Mnazi Mmoja vilevile: kila kundi likabaki kwake.

Mwaka 1956 ikatungwa Sheria ya Mipango Miji, Sura ya 378, kwa mfano wa sheria ya Uingereza ya 1947. Uhuru ukaikuta, Azimio la Arusha likaikuta, vyama vingi vikaikuta. Ilifutwa mwaka 2007 tu, ilipotungwa Sheria ya Mipangomiji Namba 8. Kwa nusu karne, mtu wa Mbagala aliyetaka kujenga alitakiwa kufuata utaratibu ulioasisiwa kwa ajili ya Uingereza iliyokuwa ikijijenga upya baada ya mabomu ya Hitler.

Serikali huru ilianza kwa nguvu. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na moja ya kazi zake za kwanza ikawa kubomoa nyumba za udongo, Magomeni ikiwa miongoni mwa sehemu hizo, na kujenga za matofali mahali pake. Nia ilikuwa njema na hesabu ilikuwa mbaya. Nyumba moja ikivunjwa ili ijengwe moja, mji haujaongezewa nyumba, na huku watu wanashuka kwenye mabasi ya mikoani kila siku. Mapema miaka ya 1970 serikali ikageuka: badala ya kujenga nyumba, ipime viwanja, ipeleke maji na barabara, mwananchi ajijengee. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia vikapatikana viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese, iliyokuwa imeshajijenga yenyewe, ikaboreshwa badala ya kubomolewa. Kwa mara ya kwanza serikali ilikubali kwamba kilichojengwa bila ramani kina thamani.

Mipango kabambe nayo iliendelea kuja kwa ndege. Wa 1968 uliandikwa na Project Planning Associates ya Toronto, wa 1979 na Marshall Macklin Monaghan, nayo ya Toronto. Wa sasa, wa 2016 hadi 2036, uliandaliwa na Dodi Moss ya Italia pamoja na washirika wake. Na haya yote wakati pale Survey, jirani na Mlimani, kuna chuo kinachofundisha wapimaji na wapangaji wa miji miaka nenda miaka rudi; leo ni Chuo Kikuu Ardhi. Mpango wa 1979 ulikusudiwa kudumu miaka 20. Ulizeeka kazini: mrithi wake hakupatikana hadi mji ulipovuka watu milioni nne.

Katika pengo hilo mji ulijengwa na watu wengine. Mwenye shamba la mikorosho Kimara au Mbagala alikata kipande, akahesabu hatua kwa miguu, akapanda mnyaa au mti wa mpaka kwenye kona. Mnunuzi alikuja na mashahidi wake, muuzaji na wake, mjumbe wa nyumba kumi akaandika karatasi, baadaye ofisi ya serikali ya mtaa ikaanza kugonga mhuri na kuchukua asilimia yake. Karatasi hiyo haikutambulika Wizara ya Ardhi, lakini mtaani ilitambulika vya kutosha hata watu kuweka juu yake nyumba za maisha yao. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, asilimia 70 hadi 80 ya wakazi wa jiji wanaishi katika maeneo yasiyopimwa. Kanuni inayowaacha nje hadi watu wanne kati ya watano, mimi siwezi kuiita kanuni ya mji. Ni kanuni ya sehemu ya mji.

Miaka ya 2000 ilileta marekebisho yenye maana. Mradi wa viwanja 20,000 ulianza mwaka 2002, ukapima Mbweni, Bunju, Kibada, Tuangoma, Buyuni na kwingineko. Wengi walionunua walikuwa na mishahara, na viwanja vingi vilikaa miaka vikiota majani huku vikipanda bei. Mwaka 2004 zikatolewa leseni za makazi kwa wale wasiopimiwa, kwanza za miaka miwili, kisha mitano. Na kiwango cha chini cha kiwanja, ambacho kanuni za 1997 zilikiweka mita za mraba 400, kilishushwa mwaka 2011 hadi 300. Mita mia moja zinaonekana kidogo kwenye karatasi. Kwa familia ya Tandale ni tofauti ya kutambuliwa na kutotambuliwa, ingawa hata 300 ni nyingi kwa nyumba zinazogusana kuta.

Kariakoo, wakati huohuo, ilikuwa inakwenda juu. Mpango wa kuiendeleza upya wa mwaka 2002 uliruhusu maghorofa pale palipokuwa na nyumba za vyumba sita. Tatizo ni kwamba kiwanja kimoja cha nyumba ya Kiswahili hakitoshi jengo refu lenye maegesho, nafasi pembeni na njia ya gari la zimamoto. Dawa ya kitaalamu ni kuunganisha viwanja viwili au vitatu. Lakini kiwanja hicho ni cha marehemu babu, kina warithi tisa, mmoja yuko Muscat, mmoja hasalimiani na dada yake; nani atawaunganisha na warithi wa jirani? Kwa hiyo kila familia ikatafuta mfanyabiashara wake. Yeye alete pesa, wao walete ardhi, achukue maduka ya chini kwa miaka waliyokubaliana, familia ipewe ghorofa moja au mbili juu. Uani ukamezwa. Ukuta ukaota mpaka kwenye mpaka.

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka jengo la Kariakoo, likiwa na wafanyabiashara ndani, na zaidi ya watu 20 wakafa. Rais Samia aliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Ukaguzi ni jambo la lazima, ila unakuja baada ya nondo kuzikwa ndani ya zege, na zege halisemi.

Kuna sehemu ambako kanuni ilikosea kwa kuzuia kupita kiasi. Kigamboni ilitangazwa mwaka 2008 kuwa eneo la mji mpya wa kisasa, na wakazi wakaambiwa wasijenge wala wasiendeleze mpaka walipwe. Fidia ikasubiriwa miaka. Daraja likafunguliwa mwaka 2016, lakini mji mpya haukuja, na wakala uliopewa kuujenga ukavunjwa. Ng'ambo nyingine, katika bonde la Msimbazi, kanuni ilikataza sawasawa na hakuna aliyeisimamia: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, waathirika wakapelekwa Mabwepande, na miaka minne baadaye alama za X nyekundu na matingatinga vikawakuta wengine palepale. Karakana ya mabasi ya mwendokasi, mali ya umma, nayo ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde hilohilo, na maji yakaingia.

Mji una watu milioni 5.38 kwa sensa ya 2022. Mpango wa 2036 unazungumzia vituo vidogo vya miji pembezoni na majengo marefu kando ya njia za mwendokasi, na hilo ni jema, kwa kuwa Dar imetanuka hadi mtu anamaliza saa mbili barabarani kufika kazini. Lakini mabadiliko yaliyo dhahiri zaidi kwa sasa yapo kwenye msongamano mdogo wa Gibb, Oyster Bay na Masaki. Kwenye ua wa nyumba ya zamani yenye bustani ya nusu eka linatundikwa bango la kusudio la kubadili matumizi ya ardhi, kutoka Makazi Pekee kwenda Makazi na Biashara, na jirani mwenye pingamizi anaambiwa aliwasilishe kwa maandishi kwa mkurugenzi wa manispaa kabla muda haujaisha. Wengi hawaliwasilishi. Wanangoja bango lao.